Kilema, mlemavu, mtu mwenye ulemavu: ngeli, upatanisho wa kisarufi na heshima ya anayetajwa

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na haki ya kuitwa na kurejelewa kwa namna isiyomdhalilisha. Kwa kifungu hicho, suala la jina gani litumike liliondoka katika uwanja wa adabu peke yake likaingia katika uwanja wa haki. Mwalimu, mwandishi wa habari na mfasiri wanaotumia Kiswahili wanalazimika basi kujua ni namna gani hasa inayodhalilisha, na kwa nini.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni orodha ya maneno: haya yaepukwe, haya yatumike. Orodha ina manufaa yake, lakini haielezi. Anayeikariri hubaki hana la kufanya akikutana na neno lisilokuwamo, na huenda akatumia neno lililoruhusiwa kwa namna inayoumiza vilevile. Makala haya yanafafanua jinsi sarufi ya Kiswahili inavyomweka mtu katika sentensi: wakati gani mtu ndiye anayetajwa kwanza, na wakati gani hali yake inachukua nafasi yake.

1. Ngeli ya KI-VI na dai linalorudiwa

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili kinawaweka watu wenye ulemavu katika ngeli ya vitu. Ushahidi unaotolewa ni majina kama *kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibogoyo* na *kibiongo*, ambayo yote huanza kwa KI- na huchukua VI- katika wingi, sawa na *kiti* na *kisu*. Dai hili lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli mzima.

Ni kweli kwamba majina mengi ya asili yanayohusu dosari za mwili yamekusanyika katika ngeli hiyo. Ni kweli pia kwamba KI- ndicho kiambishi cha udogo katika Kiswahili. Lugha nyingi za Kibantu huonyesha udogo kwa ngeli ya KA-. Kiswahili sanifu hakina ngeli hiyo, na kazi yake hufanywa na KI-VI. Hivyo *mtoto* huzaa *kitoto*, na *mtu* huzaa *kijitu*. Kiambishi kinachoonyesha udogo wa umbo huonyesha kwa urahisi udogo wa thamani.

Hata hivyo, katika ngeli hiyohiyo wamo *kiongozi, kijana, kiranja, kinyozi* na *kiumbe*. Hakuna anayesema kwamba kiongozi amedunishwa kwa sababu jina lake limeanza kwa KI-. Tena, kuwamo katika ngeli ya M-WA si kinga ya dharau: *mwizi, mchawi, mjinga* na *mpumbavu* wote wamo humo. Upande mwingine, *bubu* na *taahira* hayana KI-, lakini yameumiza watu wengi.

Kwa hiyo kiambishi cha jina hakitoshi kuamua. Cha kuzingatia zaidi ni mambo mawili: kile ambacho jina lenyewe linakitaja, na upatanisho unaolifuata.

2. Jina moja kwa hali na kwa mtu

Neno *kilema* lina matumizi mawili. Linaweza kuwa jina la dosari ya mwili, na linaweza kuwa jina la mtu mwenye dosari hiyo. Upatanisho ndio unaotofautisha:

– *Kilema chake kilitokana na ajali.* (hali)
– *Kilema yule alitokea Mwanza.* (mtu)

*Kichaa* lina tabia hiyohiyo: *kichaa kilimpata* na *kichaa alipita*. Katika maneno haya mawili, jina la hali limehamishwa lote bila kubadilishwa likawa jina la mtu. Hakuna kiambishi kinachosema kwamba anayezungumzwa ni binadamu. Ni dosari yenyewe iliyopewa miguu ikatembea. Hii ndiyo sababu ya msingi inayofanya *kilema* likataliwe leo kwa mtu, wala si KI- peke yake.

*Kipofu* na *kiziwi* ni tofauti kidogo. Haya hutaja mtu tu. Hali zao zina majina yake: *upofu* na *uziwi*. Hakuna mzungumzaji anayesema *kipofu chake kilianza utotoni*. Husema *upofu wake ulianza utotoni*. Mtu na hali wametenganishwa tangu mwanzo katika umbo la neno. Tofauti hii itasaidia kueleza, katika sehemu ya 6, kwa nini *kiziwi* limebaki na heshima ambayo *kilema* limeikosa.

3. Upatanisho: mahali dharau inapokaa

Kanuni ya Kiswahili sanifu ni kwamba jina la kiumbe mwenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA, hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Kanuni hii hutawala kitenzi, kivumishi, kionyeshi, kimilikishi na kiunganishi -a:

– *Kiziwi mmoja mwerevu amefaulu.*
– *Vipofu wawili walichaguliwa.*
– *Viziwi wa Dodoma wamekutana.*

Mzungumzaji anaweza kuivunja kanuni hii kwa makusudi. Akisema *kiziwi kile kimekuja*, amefanya kitendo kilekile anachofanya asemaye *kijitu kile kimekuja* au *lizee lile limefika*: amemwondoa mtu katika upatanisho wa viumbe na kumweka katika upatanisho wa vitu. Mtoto wa Kiswahili huisikia tofauti hiyo kabla hajafundishwa neno “ngeli”.

Mwalimu anapaswa kulitazama kosa hili kwa macho mawili. Mwanafunzi anayejifunza Kiswahili kama lugha ya pili anaweza kusema *vipofu vimefika* kwa kufuata mantiki ya umbo. Huyo hasahihishwi kama mwenye dharau, bali kama asiyejua kanuni ya uhai. Mzawa wa lugha anayesema hivyo huku akimnyooshea mwenzake kidole anaijua kanuni vizuri, na ameivunja kwa sababu anaijua.

4. Kutoka *lemaa* hadi *mlemavu*

Kitenzi *lemaa* kimezaa jina kwa njia inayojulikana sana katika Kiswahili: shina la kitenzi huongezwa kiambishi tamati -vu, kisha kiambishi awali cha ngeli.

– *tulia*: *mtulivu, utulivu*
– *sikia*: *msikivu, usikivu*
– *vumilia*: *mvumilivu, uvumilivu*
– *nyenyekea*: *mnyenyekevu, unyenyekevu*
– *lemaa*: *mlemavu, ulemavu*

Kwa kulinganisha na *kilema*, neno *mlemavu* lilikuwa hatua ya kweli. Lilimweka mtu katika M-WA na kuitenga hali yake katika jina jingine, *ulemavu*. Kwa miongo kadhaa lilikuwa neno rasmi la sheria, la magazeti na la vyama vya wahusika wenyewe, na hadi leo wako wanaojiita hivyo bila kinyongo. Kulihesabu kuwa tusi ni kuipotosha historia yake.

Upungufu wake unatokana na -vu. Kiambishi hiki hutaja sifa iliyomwenea mtu, ambayo humtambulisha. Mtulivu ni mtu ambaye utulivu ndio tabia yake. Anayetulia kwa dakika moja haitwi mtulivu. Vivyo hivyo *mlemavu* husema kwamba ulemavu ndio unaomfanya mtu huyo awe alivyo. Ualimu wake, uzazi wake, siasa zake na ucheshi wake vyote hufuata nyuma. Sentensi *Mlemavu ateuliwa kuwa jaji* inamtaja mtu kwa jambo lisilohusiana na kazi aliyoteuliwa kuifanya.

Mabadiliko ya istilahi yalikwenda sambamba na mabadiliko ya sheria. Tanzania ilikuwa na sheria mbili za mwaka 1982, moja ikihusu ajira ya walemavu na nyingine matunzo yao. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu tarehe 13 Desemba 2006; Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Mwaka 2010 Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya zile za 1982. Tofauti ya majina inabeba tofauti ya fikra. Katika sheria ya matunzo, mlemavu alikuwa mtu wa kutunzwa na wengine. Katika mkataba, mtu mwenye ulemavu ni mwenye haki, na ulemavu wenyewe unaelezwa kuwa unatokana na mkutano kati ya hali ya mwili au akili na vizuizi ambavyo jamii imeviweka. Ngazi zisizo na mteremko ni sehemu ya ulemavu kama ulivyo mguu usiotembea.

5. Sarufi ya *mtu mwenye ulemavu*

Katika kirai *mtu mwenye ulemavu*, neno kuu ni *mtu*. Hilo ndilo linalotawala upatanisho wote. Ulemavu umekuwa kitu ambacho mtu anacho, kama alivyo *mtu mwenye busara* au *mtu mwenye watoto watatu*. Ana na mengine. Mahali pa *mtu* panaweza kujazwa na jina linalohusika zaidi na mada: *mwanafunzi mwenye ulemavu, mkulima mwenye ulemavu, mbunge mwenye ulemavu*. Hii ndiyo faida kubwa ya muundo huu, na waandishi wengi hawaitumii. Habari inayomhusu mkulima na ieleze kwamba ni mkulima.

Kwa vichwa vya habari, ambapo nafasi ni finyu, *wenye ulemavu* hutosha. Jina limeachwa, lakini *wenye* bado linabeba alama ya WA na kuelekeza kwa watu.

Muundo huu una mitego ambayo mfasiri na mwandishi hawana budi kuijua.

*Mtego wa kwanza: kuchanganya maumbo mawili.* Maneno *watu wenye walemavu* na *mtu mwenye mlemavu* hujitokeza hata katika maandishi rasmi. Yote mawili ni makosa. Kinachomilikiwa ni hali, kwa hiyo ni *ulemavu* tu. *Familia yenye mtoto mwenye ulemavu* ni sahihi. *Familia yenye ulemavu* inasema jambo jingine kabisa.

*Mtego wa pili: kivumishi chenye marejeo mawili.* Ngeli ya umoja ya *mtu* na ngeli ya *ulemavu* huchukua kiambishi kimoja cha sifa. Hivyo *mwanafunzi mwenye ulemavu mpya* huweza kumaanisha kwamba mwanafunzi ni mpya au kwamba ulemavu ni mpya. Tiba yake ni mpangilio: *mwanafunzi mpya mwenye ulemavu*, kivumishi kikaribiane na jina lake.

*Mtego wa tatu: kirejeshi katika wingi.* Katika umoja hakuna tatizo, kwa kuwa *ambaye* hurejelea mtu na *ambao* hurejelea ulemavu. Katika wingi, *ambao* ni la wote wawili, na kitenzi ndicho kinachoamua:

– *Watu wenye ulemavu ambao haujatambuliwa* (ulemavu ndio haujatambuliwa)
– *Watu wenye ulemavu ambao hawajatambuliwa* (watu ndio hawajatambuliwa)

Katika fomu ya sensa au ya bima, herufi hizo chache zinaweza kuamua nani anahesabiwa na nani anaachwa.

*Mtego wa nne: wingi wa ulemavu.* Jina hili halina wingi wa kawaida. Mtu mwenye hali mbili ana *ulemavu zaidi ya mmoja*, na mtungaji wa takwimu huzungumzia *aina za ulemavu*.

6. Pale wahusika wanapochagua njia nyingine

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba kila mara *mtu mwenye…* ndiyo njia bora. Jamii ya viziwi inazuia hitimisho hilo.

Nchini Tanzania, chama cha kitaifa cha viziwi kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA. Wanachama wake hawakusubiri kupewa neno laini. Sababu iko katika lugha. Viziwi wana lugha yao, Lugha ya Alama, yenye sarufi kamili na msamiati wake. Wanaoitumia ni jamii ya lugha kama zilivyo jamii nyingine za lugha. Kwa mtazamo huo, *kiziwi* linafanana na jina la mtu wa jamii fulani zaidi kuliko jina la ugonjwa. Kirai *mtu mwenye ulemavu wa kusikia*, kinachodhaniwa kuwa cha heshima zaidi, kinaweza kumfikia kiziwi kama maelezo ya daktari.

Katiba ya Kenya nayo inaitambua lugha hiyo kwa uzito: kifungu cha 120 kinataja lugha rasmi za Bunge kuwa ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Mfasiri azingatie kwamba Kenya hutumia zaidi *lugha ya ishara*, na Tanzania *lugha ya alama*.

Neno lisilokubalika kwa viziwi ni *bubu*. Neno hilo hudai kwamba mtu hana usemi, ilhali kiziwi anayezungumza kwa mikono anasema, anatania, anagombana na kutongoza kama mwingine yeyote. *Kiziwi bubu* ni kosa la maana kabla ya kuwa kosa la adabu.

Wasioona wana historia yao tofauti kidogo. *Kipofu* bado hutumika, lakini wengi hupendelea *asiyeona*, wingi *wasioona*. Umbo hili ni kirejeshi cha ukanushi, nalo humtaja mtu kwa kile asichokifanya. Kwa nadharia lingeweza kupingwa. Lakini limekubaliwa na wahusika, na kukubaliwa huko ni hoja inayotosha. Asiyeona kabisa atofautishwe na *mwenye uoni hafifu*, kwa kuwa mahitaji yao si mamoja: mmoja anahitaji maandishi ya nukta nundu, mwingine anahitaji maandishi makubwa. Walio na hali zote mbili, ya kutosikia na ya kutoona, hujulikana kama *viziwi wasioona*.

7. Zeruzeru, albino, mtu mwenye ualbino

Hakuna mahali ambapo suala la jina limekuwa zito kuliko hapa. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino nchini Tanzania, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, walishambuliwa, wakakatwa viungo na kuuawa na watu walioamini kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Waliosalimika walisikia wakiitwa *dili* barabarani. Ilikuwapo pia imani ya muda mrefu kwamba watu hawa hawafi bali hutoweka.

Haitakuwa kweli kusema kwamba neno liliua. Lakini imani ya kwamba hawafi inahitaji kwanza mtu afikiriwe kuwa si mtu, na *dili* ni jina la bidhaa. *Zeruzeru*, neno la zamani, limebeba kwa muda mrefu kejeli na visa hivyo vya kutoweka. Wengi wa wahusika wamelikataa. *Albino*, wingi *maalbino*, lilichukuliwa kuwa la kitaalamu na lisilo na kejeli, lakini lilibaki na upungufu wa *mlemavu*: mtu hutambulishwa kwa hali yake. *Mtu mwenye ualbino* ndilo linalotumika sasa katika maandishi rasmi. Katika mkasa ambao ubinadamu wenyewe ulikanushwa, kutanguliza *mtu* si urembo wa lugha.

*Mlemavu wa ngozi*, linalosikika sana redioni, lina kosa la ukweli. Ualbino hutokana na upungufu wa rangi ya asili ya mwili iitwayo melanini, na upungufu huo hugusa ngozi, nywele na macho. Karibu kila mtu mwenye ualbino ana uoni hafifu. Mwalimu anayeamini kwamba tatizo ni la ngozi tu atamwambia mwanafunzi avae kofia, kisha atamwacha akae nyuma ya darasa asikoweza kusoma ubao.

Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 13 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Miaka mitano kabla yake, mwaka 2010, wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi kuingia katika Bunge la Tanzania.

8. Tasfida zinazopotosha

Kutaka kuwa na adabu huweza kuzaa maneno mabaya kuliko yale yaliyokimbiwa.

*Wasiojiweza.* Neno hili huambatana na *walemavu* katika hotuba za misaada: *wazee, yatima, walemavu na wasiojiweza*. Fundi seremala anayetumia kiti mwendo na kulisha watoto wanne anajiweza. Umaskini na ulemavu ni mambo mawili. Vinapokutana, visemwe vyote viwili.

*Wenye mahitaji maalumu.* Lina mahali pake katika elimu, ambako mwanafunzi anaweza kuhitaji ufundishaji tofauti. Likitumiwa kila mahali linaficha: halisemi ni mahitaji gani, na linadokeza kwamba mteremko mlangoni ni upendeleo. Kuingia katika jengo ni hitaji la kila mtu.

*Mzima* na *wa kawaida.* Katika Kiswahili, *mzima* ni asiyeugua, aliyekomaa kiumri, na pia kitu kisichopunguka. Kulinganisha *walemavu na wazima* ni kusema kwamba kundi la kwanza ni wagonjwa, watoto na nusu watu, yote kwa neno moja. Kinyume cha *mtu mwenye ulemavu* ni *mtu asiye na ulemavu*.

*Anayesumbuliwa na, mwathirika wa.* Haya huamua kwa niaba ya mtu kwamba maisha yake ni mateso. *Ana usonji, ana mtindio wa ubongo, alizaliwa na mgongo wazi*: kitenzi cha kawaida hutosha.

Ikumbukwe pia kwamba neno jipya huchakaa kama mtazamo haujabadilika. *Taahira* liliwahi kuwa istilahi ya kitaalamu katika maandishi ya elimu maalumu. Viwanja vya shule vililigeuza tusi, na nafasi yake ikachukuliwa na *mwenye ulemavu wa akili*.

9. Methali na sitiari

Kiswahili kina methali mbili zinazofaa kufundishwa pamoja na somo hili. Ya kwanza ni *hujafa hujaumbika*. Kitenzi *umbika* kiko katika kauli ya kutendeka, na maana yake ni kwamba umbo la mwanadamu halijakamilika hadi siku yake ya mwisho; leo unatembea, kesho huenda usitembee. Methali hii haiombi huruma kwa wengine. Inamweka msemaji mwenyewe ndani ya kundi analolizungumzia.

Ya pili husema kwamba apendaye, *chongo huita kengeza*. Kwa kawaida hutumiwa kucheka upofu wa mapenzi, lakini ina somo la istilahi: jina hutegemea moyo wa anayetaja. Somo hilo lina tahadhari yake. Anayeita chongo kengeza amebadilisha neno, na jicho limebaki vilevile. Mwenye chongo huenda asitake jina la kupendeza; huenda akataka miwani, au kuachwa afanye kazi yake.

Kuhusu sitiari, maneno kama *serikali kiziwi, upofu wa kisiasa* na *uchumi kiwete* hutumia hali za watu kama majina ya makosa. Kiswahili hakikosi njia nyingine: *waliotia pamba masikioni, waliopuuza, uchumi unaosuasua*. Anayetia pamba masikioni ana uwezo wa kusikia na amekataa kusikia. Nahau hiyo ya pamba ni sahihi zaidi kimaana kuliko sitiari ya uziwi.

10. Msamiati wa vifaa na huduma

– *kiti mwendo* (wingi *viti mwendo*), pia *kiti cha magurudumu*: kiti cha kuendea
– *fimbo nyeupe*: fimbo ya kuongozea ya asiyeona
– *nukta nundu*: maandishi ya kusoma kwa vidole; Kenya pia *breli*
– *shimesikio*: kifaa cha kukuzia sauti kinachovaliwa sikioni
– *mkalimani wa lugha ya alama*: anayefasiri kati ya lugha ya alama na lugha ya kusemwa
– *ufikivu*: hali ya jengo, chombo au maandishi kuweza kutumiwa na kila mtu
– *elimu jumuishi*: elimu inayowafundisha watoto wote pamoja kwa kuondoa vizuizi vya kila mmoja

11. Muhtasari kwa wafasiri na walimu

Mfasiri wa matini ya kale asiisafishe. Tafsiri za Biblia zina *viwete, vipofu* na *viziwi*; sheria ya 1982 ilizungumzia walemavu. Kubadilisha maneno hayo ni kumnyima msomaji ushahidi wa jinsi watu walivyofikiriwa. Katika riwaya, mhusika mwenye dharau aachiwe *kile kiziwi* chake, kwa kuwa upatanisho huo ndio unaomchora. Katika maandishi ya leo, hasa ya sheria, afya, elimu na habari, mfasiri atumie *mtu mwenye ulemavu*, na kwa jamii mahususi atumie jina ambalo jamii hiyo inajiita.

Mwandishi ajiulize kwanza kama ulemavu unahusika na habari. Mara nyingi hauhusiki, na neno bora ni kutolitaja kabisa. Ukihusika, aseme ni ulemavu gani na unakutana na kizuizi gani: *hakupiga kura kwa sababu kituo kilikuwa ghorofani* ni habari, *hakupiga kura kwa sababu ya ulemavu wake* inaliachilia huru jengo na kumlaumu mwili.

Mwalimu wa sarufi ana nafasi ya pekee. Somo la upatanisho wa viumbe wenye uhai hufundishwa kila mwaka, mara nyingi kwa mifano ya *kifaru* na *kiboko*. *Kiziwi amefika, viziwi wamefika* ni mfano mzuri vilevile wa kanuni hiyohiyo. Kabla ya kuutumia, mwalimu atazame nani ameketi darasani, na kama yuko anayehusika, amuulize faragha anapenda kuitwaje. Kwa kawaida mtu huyo atataja jina alilopewa na wazazi wake.